Tajiri wangu hunipa hela ya mafuta ya bei ya juu, mimi naweka ya kawaida

BARUA

Shikamoo dada mshauri. Naomba usiandike jina langu wala mtaa wangu, maana Dodoma ukishataja mtaa watu wanamalizia wenyewe.

Mimi ni kijana wa miaka 31, kazi yangu ni udereva. Namwendesha mama mmoja, muuguzi mstaafu. Si ndugu yangu wa damu, lakini ndiye aliyemuuguza marehemu mama yangu kule Mpwapwa, na mama alipofariki ndiye aliyenichukua. Alinilipia mafunzo ya udereva, akanipa chumba cha uani, na mpaka leo nakula kwake. Namwita Mama. Wanawe wawili wako Dar, mmoja yuko nje ya nchi. Ana shamba la zabibu Hombolo ambako tunakwenda mara mbili kwa wiki, Jumapili tunakwenda kanisani, siku nyingine hospitali kupima presha, na kila baada ya miezi miwili mitatu nampeleka stesheni ya SGR kwenda kuwaona wajukuu.

Gari ni Subaru Forester, lile lenye tundu juu ya boneti. Lilikuwa la marehemu mume wake. Mzee alikuwa na sheria moja, kwamba gari hili halinywi mafuta ya kawaida. Kuna sheli moja mjini ina pampu mbili za petroli, ya kawaida na ile ya bei ya juu. Wakati huo tofauti ilikuwa shilingi 180 kwa lita. Mama amefuata sheria ya mzee kama wosia. Kila Jumatatu ananitumia kwa simu hela ya lita 40 kwa hesabu ya ile bei ya juu. Risiti haombi. Siku moja nilimpelekea mwenyewe, akaniambia, "Mwanangu, mimi nimehesabu vidonge miaka thelathini, nimechoka kuhesabu. Nakuamini."

Mwaka jana mwezi wa nane nilikwenda sheli nikakuta pampu ile imekauka. Nikaweka ya kawaida. Gari likaenda vilevile, halikukohoa wala halikupungua mwendo. Kwenye simu zikabaki shilingi 7,200. Nikasema nitamrudishia jioni. Jioni alikuwa na wageni. Jumatatu iliyofuata pampu ilikuwa na mafuta, lakini mkono wangu ukaelekea kwenye ile ya kawaida wenyewe.

Sasa ni miezi 14. Nimepiga hesabu kwenye daftari, imefika shilingi 439,200. Sijainywea pombe, dada. Nimenunua mabati 15 kwa ajili ya kile kibanda changu ninachojenga kule Nala. Nimeyaegemeza ukutani nyuma ya chumba changu, na kila asubuhi jua likiyapiga yanalia ka, ka, ka, nami najiambia, wewe ni mwizi.

Mwezi uliopita tulipata msiba Iringa. Tulitoka alfajiri kwa njia ya Mtera, Mama na wazee wengine wawili, mizigo nyuma, kiyoyozi kimewashwa. Tulikuwa tumechelewa, nikajaza njiani kwenye sheli ndogo yenye pampu moja. Tulipoanza kupanda Nyang'oro, injini ikatoa sauti kama kokoto ndani ya kopo la maziwa. Nikilegeza mguu inaacha, nikikanyaga inarudi. Mshale wa joto nao ukapanda. Nikasimama, nikasubiri ipoe, nikaongeza maji kwenye rejeta. Huwa natembea na dumu la maji ya bomba kutoka nyumbani kwa ajili hiyo. Tukafika polepole.

Tuliporudi tukaenda kwa fundi, Mama akiwepo. Fundi akauliza, "Gari hili mnaliwekea mafuta gani?" Kabla sijafungua mdomo Mama akajibu, "Yale ya juu. Tangu mzee akiwa hai halijawahi kunywa mengine." Alisema kwa kujivuna kabisa. Fundi akanitazama. Mimi nikatazama tairi.

Fundi akasema kama mafuta ni yale, basi tatizo liko ndani, injini ifunguliwe. Makadirio yake ni shilingi 1,900,000. Mama yuko tayari kutoa fungu lake la kikoba na kuongezea hela aliyoiweka kwa ajili ya macho, maana ana mtoto wa jicho na alikuwa afanyiwe upasuaji mwakani. Sasa hivi yuko Dar, anarudi Ijumaa ijayo.

Dada, nina maswali. Je, mimi ndiye niliyeua injini? Yale mafuta ya bei ya juu yana maana yoyote? Madereva wenzangu kijiweni wanasema ni usanii mtupu, petroli ni petroli, zote zinashuka meli moja. Kama wana haki, basi labda mimi si mwizi kama ninavyojiona. Na je, nimwambie Mama, au nirudishe hela kidogo kidogo kimya kimya na kuanza kuweka yale ya juu? Naogopa. Wanawe wakijua wataniita mwizi mbele ya mtaa mzima, na mimi kwangu ni hapo, sina kwingine.

Dereva, Dodoma


JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale ulipotazama tairi.

Nikikuelewa vizuri, unasema hivi. Ulikabidhiwa hela ya kitu kimoja, ukanunua kingine cha bei ndogo, tofauti ukaiweka. Injini sasa inagonga, aliyekuamini anataka kutoa hela ya macho yake kulitengeneza, na fundi anafanya kazi kwa jibu ambalo wewe peke yako unajua si sahihi. Halafu umeyafunga mambo mawili kwa kamba moja. Unasema kama yale mafuta ni usanii, basi kosa lako ni dogo. Na kama yana maana, basi wewe ndiye uliyeua injini. Hayo mimi nisingeyafunga pamoja. Inawezekana yale mafuta yana maana na bado injini haikufa kwa sababu yake. Na hata yangekuwa maji ya rangi, Mama alilipia maji ya rangi. Basi tuyatenganishe, tuanze na gari, maana hapo ndipo kuna shilingi 1,900,000 zinazokaribia kutoka.

Mimi si fundi, lakini nimezeeka na magari ya mtumba, na jambo hili nimelipia ada yangu.

Petroli ikiitwa "ya juu" inaweza kuwa na maana mbili ambazo watu wanazichanganya. Ya kwanza ni oktani. Ndani ya silinda, pistoni inabana mchanganyiko wa hewa na petroli, kisha plagi inatoa cheche. Petroli yenye oktani ndogo ikibanwa sana na kupata joto, sehemu yake inawaka yenyewe bila kungoja zamu yake, na hapo ndipo unasikia zile kokoto kwenye kopo, ndiko kugonga kwenyewe. Oktani kubwa ni uvumilivu wa kubanwa, basi. Haina nguvu zaidi, haichomi "kwa usafi zaidi" na haigeuzi Vitz kuwa ndege. Kipimo chenyewe ni cha tangu miaka ya 1920: kimiminika kiitwacho isooktani kikapewa 100, kingine kiitwacho heptani, kinachogonga vibaya, kikapewa 0, na petroli zote zikapimwa kati yao.

Maana ya pili ni dawa. Kampuni inachukua petroli ileile na kuitia dawa ya kusafisha nozeli na valvu, inaipa jina zuri, inapandisha bei. Oktani inaweza kuwa haijasogea hata kidogo. Dawa hiyo si ya kubeza, kwa miaka mingi injini inayoipata hukaa safi zaidi. Lakini haizuii kugonga kwa namna ile ya oktani.

Hapa ndipo kijiwe chenu kina nusu ya haki. Mafuta ya nchi hii huagizwa kwa mfumo wa pamoja, meli zinashusha Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, na kampuni nyingi zinagawana shehena moja. Kwa hiyo mara nyingi kinachotofautisha sheli na sheli ni kile kilichoongezwa baadaye, na jinsi matangi yao yanavyotunzwa. Lakini "mara nyingi" si "siku zote". Sasa swali langu la kwanza kwako ni jepesi na hukuligusa kabisa: ile pampu ya bei ya juu imeandikwa nini? Kuna namba ya oktani, au kuna jina tu? Nenda kasome. Mhudumu asipojua, muulize msimamizi. Kama ni jina tu na namba ya oktani ni ileile, basi kwa miezi 14 gari lilikosa dawa ya kusafishia, halikukosa oktani, na hiyo ni hadithi nyingine kabisa.

Sasa gari lenyewe. Ungekuwa unaendesha IST, Raum au Passo, sehemu hii ya jibu ningeimaliza hapa. Magari hayo yalitengenezwa kwa petroli ya kawaida ya Japani, ambayo kiwango chake cha chini ni oktani 89. Kuyawekea ya juu ni sawa na kumvalisha mbuzi suti. Marekani, chama kikubwa cha wenye magari, AAA, kilikadiria mwaka 2016 kwamba madereva wa huko walipoteza zaidi ya dola bilioni 2.1 kwa mwaka mmoja wakiweka mafuta ya juu kwenye magari yasiyoyahitaji. Kilipoyapima magari hayo hakikuona faida ya maana, si ya nguvu wala ya matumizi.

Lakini wewe umeandika "lile lenye tundu juu ya boneti" kama kitu cha kupita tu. Mdogo wangu, tundu lile si pambo. Kwa Forester, mara nyingi lina maana kuna tabo chini yake, na tundu linaingiza upepo wa kupoza hewa inayotoka kwenye tabo. Tabo kazi yake ni kusukuma hewa ndani ya silinda kwa nguvu, na injini inayosukumiwa hewa inahitaji petroli yenye uvumilivu. Kwa gari la aina hiyo, Wajapani huagiza kile wanachokiita haioku, ambacho kwao kinaanzia oktani 96. Fungua kifuniko cha mafuta, tazama upande wa ndani. Kama kuna ubandiko wa Kijapani uliokuwa unaupita kila Jumatatu, upige picha, simu yako inaweza kuutafsiri. Inawezekana mzee aliusoma, au alisomewa na aliyemuuzia, na sheria yake haikuwa majivuno.

(Kuna jambo la Dodoma ambalo wauza magari hawalisemi. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko Dar, na gari la kawaida lisilo na tabo likiwa juu namna hiyo linabana hewa kidogo, kwa hiyo linahitaji oktani pungufu kuliko likiwa pwani. Kwenye majimbo ya milimani ya Marekani petroli ya kawaida huuzwa ikiwa na namba ndogo kwa sababu hiyo. Lakini tabo inafidia ule wepesi wa hewa kwa kusukuma zaidi, kwa hiyo huruma hiyo ya mlima haimfikii Mama sana.)

Unaweza kuanza kutetemeka hapo. Ngoja kwanza. Magari ya umri huo yana kihisi kinachosikiliza kugonga huko. Kikisikia kunaanza, kompyuta ya gari inachelewesha cheche kidogo, injini inapoa ghadhabu, safari inaendelea. Ndiyo maana hukusikia kitu miezi yote hiyo. Gharama yake ni kwamba nguvu inapungua kidogo na mafuta yanaliwa zaidi. AAA walipopima mwaka 2017 magari ambayo watengenezaji wanashauri mafuta ya juu, waliona kwa wastani matumizi yanakuwa bora kwa asilimia 2.7 yakiwekewa ya juu. Piga hesabu hiyo kwa lita zako 40 na utaona kuwa kama pampu ile ina oktani kubwa kweli, huenda kila wiki Mama alinunua lita moja zaidi bila kujua. Yaani katika zile 7,200, sehemu haikuwa akiba ya mtu yeyote, iliungua.

Ila kati ya kupoteza lita moja na kuua injini kuna safari ndefu, na barua yako yenyewe ina watuhumiwa wengine ambao hukuwapa hata kiti.

Kuna ile sheli ndogo ya njiani. Kokoto zilianza siku ileile, saa chache baada ya kujaza pale. Unakumbuka neno "kuchakachua" lilivyovuma nchi nzima? Lilitumika sana kwa mafuta. Watu walikuwa wanatia mafuta ya taa kwenye petroli na dizeli kwa sababu yalikuwa na kodi ndogo, ndipo mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, wakaanza kuweka vinasaba, yaani alama ya siri ya kutambua mafuta halali. Mafuta ya taa yakiingia kwenye petroli oktani inaporomoka, na gari lenye tabo ndilo la kwanza kulalamika. Siwezi kusema sheli ile ilifanya hivyo, huenda wako safi kabisa. Nasema tu kwamba tenki la siku ile lilikuwa tofauti na matenki sitini ya nyuma yake, na wewe umeyahukumu yale sitini.

Na kuna lile dumu. Maji ya bomba ya Dodoma, na wewe unayanywa kila siku! Tazama sufuria au birika la chai pale nyumbani, ule utando mweupe ulioganda chini. Sehemu kubwa ya maji ya mji huu hutoka visima vya Mzakwe, na chumvichumvi yake kila mpishi anaijua. Kilichoganda kwenye birika kinaganda pia ndani ya rejeta na kwenye njia za maji za injini. Injini ikishindwa kupoa, joto linapanda, na joto ni mama wa kugonga. Mshale wako ulipanda siku ile, umesema mwenyewe. Gari limebeba watu wanne na mizigo, kiyoyozi kinavuta, mlima Nyang'oro mbele, rejeta ina magadi. Hapo hata petroli ya oktani 100 ingeomba msaada. Mimi gari langu la kwanza lilinifia njia ya Kondoa kwa maji ya bomba, na nilikuwa nimeapa kwa kila mtu kwamba ni mafuta mabaya. Weka maji maalumu ya rejeta, yale ya rangi, na kabla ya hapo rejeta isafishwe.

Kabla injini haijafunguliwa, sikiliza sauti vizuri, maana kugonga si kwa aina moja. Kokoto zinazokuja ukikanyaga mlimani na kuacha ukilegeza ndizo za petroli na joto. Ukisikia nyundo nzito ya chini, hata gari likiwa limesimama, inayokwenda sambamba na mzunguko wa injini, hiyo huwa ni beringi za chini, na injini hizi za Subaru, ambazo pistoni zake zinalala ubavu, haziwasamehe wanaosahau kupima oili. Na zipo zinazogonga asubuhi zikiwa baridi kisha zinanyamaza zikipata moto, hizo wengi wanaishi nazo miaka. Wewe umeeleza aina ya kwanza. Gari lipimwe kwa kompyuta, plagi zitolewe zitazamwe, mgandamizo wa kila silinda upimwe, tenki limwagwe lijazwe upya mahali unapopaamini. Yote hayo kwa pamoja ni sehemu ndogo ya 1,900,000. Na fundi wa pili hakatazwi.

Ila angalia, yote niliyoyasema yanamhitaji fundi anayejua ukweli. Fundi wako hakubahatisha. Aliuliza swali sahihi, akapewa jibu, akalifuata jibu mpaka mwisho: kama mafuta ni yale, basi tatizo liko ndani. Ukimya wako ndiyo uliomtuma huko. Katika barua umejiita mwizi mara moja, ukakana mara moja, ukaogopa kuitwa hivyo mara moja, yote kwa habari ya zile 439,200. Kuhusu ile dakika pale gereji huna neno. Kwangu mimi ile dakika ni nzito kuliko mabati, kwa sababu mabati yamekwishanunuliwa, lakini ile injini bado haijafunguliwa na yale macho bado hayajapoteza zamu yake.

Sasa, kusema au kutosema. Siwezi kukuamulia, wewe ndiye unayelala uani pale. Lakini tuzitazame njia zote.

Njia ya kunyamaza na kurudisha kidogo kidogo ina mvuto wake, naielewa. Hakuna anayeumia usiku wa leo. Lakini kwa mshahara gani? Mshahara wako hujautaja hata kwa mstari mmoja, nami nimeliona hilo. Na ukianza kuweka ya juu kesho, gari likanyamaza, fundi atauliza kilichobadilika. Lisiponyamaza, litafunguliwa, na utakaa pale ukitazama noti zinahesabiwa. Kumbuka pia kwamba simu inatunza kila muamala, wa kwake na wa kwako. Siku wanawe watakapoamua kukaa na hesabu za mama yao, hutakuwa na nafasi ya kuanza wewe kusimulia.

Unaweza kumwambia fundi peke yake, pembeni. Hapo walau gari litatibiwa kwa haki. Hatari yake ni kwamba mtu wa tatu atakuwa ameshika siri ya nyumba ile, na gereji ina masikio mengi kuliko kijiwe. Mama akilisikia kwa fundi kabla yako, hutaweza kulirudisha.

Na kuna kumwambia Mama mwenyewe. Sitakudanganya kwamba atakukumbatia. Anaweza kukuondoa. Anaweza kukubakisha na kuanza kudai risiti, na huyo aliyesema amechoka kuhesabu, kumwona anahesabu tena kutakuuma kuliko kufukuzwa. Wanawe wanaweza kuja juu. Lakini fikiri pia yeye ni nani. Ni muuguzi. Miaka thelathini amekaa na wagonjwa wanaosema wamemeza dawa na hawajameza, amewaona wakizidishiwa dozi kwa sababu ya jibu moja la uongo. Katika watu wote wa Dodoma, yeye anaweza kulielewa kosa la namna hii upesi kuliko wengi, na vilevile anaweza kulichukia kuliko wengi. Sijui ataegemea wapi. Wewe umekula naye miaka yote, una dalili zaidi yangu.

Nakuuliza pia, una hakika hajui lolote? Bei za sheli zimeandikwa kwenye bango kubwa barabarani. Mtu aliyehesabu vidonge kwa miaka yote hiyo huacha kuhesabu kwa mdomo, kwa macho sijui. Simaanishi anajua. Ila wewe umejenga picha ya Mama asiyeona kitu, na huenda picha hiyo inakusaidia wewe zaidi kuliko inavyofanana naye.

Halafu lile la mshahara. Kama kwa miaka hujaongezewa, na unaishi pale ukila pale na kwa hiyo unaona haya kuomba, inawezekana zile 7,200 za Jumatatu zilikuwa nyongeza uliyojipa mwenyewe kwa sababu ulishindwa kuiomba. Sisemi hilo linafuta chochote. Lakini mazungumzo ya mshahara na mazungumzo ya mafuta usiyalete siku moja, yatasikika kama madai. Yana siku yake.

Mabati bado ni mazima? Hayajatobolewa msumari? Mabati mapya yana mnunuzi, ingawa utapoteza kidogo. Kumwendea mtu ukiwa na hela mkononi ni tofauti na kumwendea ukiwa na ahadi. Lakini ukiyauza kwa hofu halafu ukanyamaza, utakuwa umepoteza kibanda na bado unatazama tairi.

Kwa vyovyote utakavyoamua, kuna jambo moja haliwezi kungoja uamuzi wako: injini isifunguliwe wiki hii. Mwambie fundi asubiri kipimo cha kompyuta. Hilo unaweza kulisema leo bila kukiri chochote, na litampa Mama nafuu hata kama wewe bado hujajipa.

Na ukiamua kumwambia, usimwambie Ijumaa njiani kutoka stesheni. Ukiwa kwenye usukani mtakuwa wote mnatazama mbele, na wewe tayari una mazoea ya kutazama pembeni. Mfikishe nyumbani, ashushe mizigo, anywe chai yake. Ubandiko wa kifuniko uwe umeusoma, namba ya oktani ya ile pampu uwe unayo, daftari lako la hesabu uwe nalo. Halafu kaa kiti cha mbele yake.

Niandikie ule ubandiko umesema nini.